Kitabu cha Kufungia Maandazi

Chausiku alinipigia simu asubuhi, nikiwa bado na mswaki mdomoni, akasema, "Mtani, mama ametutoka. Njoo Kakese ufanye kazi yako." Kisha akakata. Hakulia, na sauti yake ilikuwa kavu kiasi cha kunitisha. Hakusubiri nimpe pole pia, maana mimi si mtu wa kutoa pole kwenye msiba wao. Ukoo wao wa Kikonongo na ukoo wetu wa Kipimbwe ni watani tangu zamani ambazo hakuna aliye hai anayezikumbuka. Wakifiwa wao, sisi ndio tunaokwenda kuchimba kaburi, kuteka maji na kukoka moto, na katikati ya kilio tunawachekesha wafiwa kwa kumwigiza marehemu, alivyotembea, alivyosema, alivyokuwa mbishi au bahili. Tukifiwa sisi, wao hufanya vilevile. Mtu anayekwenda kulia kwenye msiba wa mtani wake ameacha kazi aliyoitiwa. Nilisukutua, nikakaa kitandani na kiatu kimoja mkononi, na badala ya kuwaza nitakachofanya huko Kakese nikajikuta nauwaza mwaka ule niliokuwa nakula kwa marehemu kila siku, mwaka nilioandika riwaya yangu ya kwanza na kuhangaika nitaitoaje.

Habari za wazazi wangu na safari ya kutoka Mamba kuja mjini naziacha. Hazina jipya kwa yeyote aliyekulia mashambani. Itoshe kusema kwamba mwaka ule nilikuwa kijana, sijaoa, na kazi yangu ilikuwa kuendesha mashine ya kukoboa mpunga pale Makanyagio, mjini Mpanda. Ni kazi ya msimu. Mpunga wa kwetu Mpimbwe ukishavunwa malori yanapanga foleni, na jioni unarudi nyumbani na pumba hadi kwenye kope. Mvua zikianza watu wote wako mashambani, mashine inalala, na tajiri anakubakiza kazini kwa sababu tu lazima awepo mtu wa kufukuza panya. Niliandika katika miezi hiyo ya panya. Nilikaa juu ya magunia matupu, daftari gotini, nikaandika habari za mjane wa Mpimbwe anayegombea shamba la mpunga aliloachiwa na mumewe. Niliiita Mpunga wa Bondeni. Sikuwa nimesomea uandishi, na sikumjua mtu hata mmoja aliyewahi kutoa kitabu. Nilikuwa na muda na nilikuwa na ukaidi, na leo nikitazama nyuma naona vilitosha.

Chumba nilichopanga kilipakana ukuta na banda la Mama Chausiku, mama lishe. Ukuta ulikuwa wa matofali mabichi wenye ufa, na kila alfajiri moshi wake ulipenya ufani ukaja kuniamsha. Sikuwahi kuuziba. Moshi ukija ulikuja na harufu ya maandazi, na pia ulikuja na maneno, maana wanawake waliofika mapema kumletea kuni na maziwa walizungumza bila kujua kwamba kuna masikio upande wa pili. Nusu ya yale anayoyasema mjane wangu kitabuni niliyasikia pale ukutani, nikiwa nimejifunika shuka. Banda lenyewe lilikuwa la mabati: benchi mbili, meza ndefu iliyotandikwa nailoni yenye picha za machungwa, ndoo ya kunawia mlangoni, na redio iliyofungwa mpira kwa sababu kifuniko cha betri kilipotea. Asubuhi chai ya maziwa. Mchana wali kwa maharage, au ugali kwa migebuka wa kukaanga, samaki wanaoletwa kutoka Ikola ziwani, na mchicha wa karanga ambao sijawahi kuula mahali pengine ukanoga vile. Mwenyewe alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kusikika hadi barabara ya pili, kanga moja kiunoni na nyingine kichwani, upawa mkononi. Ule upawa ulikuwa wa kupakulia, wa kuonyea na wa kuelekezea wageni njia.

Mtu asiyejua kwamba sisi ni watani angedhani tunachukiana. Nilikuwa na haki ya kupita nyuma, kufunua sufuria na kujichagulia samaki mkubwa, na yeye hana pa kunishtaki. Yeye alikuwa na haki ya kunivua kofia nikiwa nakula, akaivaa, na kuhudumia watu nayo hadi jioni. "We Mpimbwe," aliniambia mbele ya wateja, "umeletwa mjini ukoboe mpunga, umekaa unakoboa maneno." Nilimjibu kwamba afadhali maneno yangu, maana wali wake una mawe ya kujengea nyumba. "Ndiyo maana una meno makali," akasema. "Nimekunolea mimi." Siku moja ya mvua kubwa, mabati yakinguruma, aliniona benchini naandika, akaninyang'anya karatasi, akapanda juu ya kigoda na kuanza kunisoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini Masanja, kijana wa Kisukuma aliyeendesha bodaboda, ambaye wazazi wake walihamia kwetu na ng'ombe wao kutoka kaskazini, aliacha tonge hewani akisikiliza. Mama Chausiku alipofika mwisho wa ukurasa alinitupia karatasi zangu, akasema, "Kitabu hiki kinafaa kufungia maandazi. Tena maandazi yaliyolala." Banda zima likacheka. Kesho yake saa ya chakula alikuja kuninyang'anya zilizofuata, na keshokutwa yake pia, na mwisho wateja wakawa wanauliza, "Leo Mpimbwe hajaleta kitu?"

Watu huniuliza siku hizi, hasa vijana wanaoanza kuandika, kama nilikuwa na mtu wa kunisomea kazi yangu na kunikosoa. Nawaambia nilikuwa naye, ila alikuwa mtani wangu. Huwa wanacheka, wanadhani ni bahati. Haikuwa bahati hata kidogo. Mtani akikwambia kazi yako mbovu, umejifunza nini? Angekwambia hivyo hivyo hata kama ungekuwa umeandika kwa wino wa dhahabu. Kila siku nilisikia kwamba mjane wangu ni mvivu, kwamba maneno yangu yananuka pumba, kwamba mtu aliyeshindwa kuoa hawezi kujua habari za wajane, na kila usiku nilijiuliza kama ndani ya dhihaka hizo kulikuwa na hata punje moja ya kweli. Kuuliza huwezi. Ukimuuliza mtani wako, "Hebu niambie kweli," umeua utani, na utani wenyewe si wako peke yako, ni wa ukoo. Kwa hiyo nilikula, nikatukanwa, nikaendelea kuandika. Nilikuwa na furaha, nasema bila kuona haya, lakini nilikuwa na furaha kama ya mtu anayetembea gizani kwenye njia anayoipenda.

Ndipo nikaandika sura ya msiba. Katika riwaya, mume wa yule mjane anapofariki, mtani wao anavaa koti la marehemu, anakuja mlangoni akichechemea kama alivyokuwa akichechemea mwenyewe, na kupiga kelele akidai chai yake. Jambo hilo sikulitunga. Lilitokea kwenye msiba wa Baba Chausiku. Aliyevaa koti alikuwa baba yangu mdogo, na mimi nilikuwa pale, natekea watu maji. Nilibadilisha majina, nikabadilisha kijiji, lakini koti lilibaki koti na chai ikabaki chai. Mchana ule Mama Chausiku alipokuja kuchukua karatasi mkono wangu ulisita. Alipanda kigoda chake, akaanza kwa mbwembwe zake za kila siku. Chausiku alikuwepo, alikuwa amepita kunywa chai kabla ya kurudi kazini kwake, na Masanja pia alikuwepo. Mama Chausiku alipofika pale koti linapovaliwa, sauti ikapungua. Akasoma mstari mwingine, taratibu. Kisha akateremka, akaweka karatasi mezani, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Tulimsubiri. Tulimsikia huko jikoni akihamisha kuni ambazo hazikuwa na haja ya kuhamishwa. Masanja akaniuliza, "Sasa, nini kinaendelea?" na sikujua kama anauliza habari za kitabu au za banda. Mama Chausiku aliporudi alijifuta uso kwa ncha ya kanga, akachungulia sufuria, na kusema bila kumtazama yeyote, "Hawa samaki chumvi haijakolea." Kisha akaendelea kupakua. Hakunitukana siku ile. Wiki nzima hakuchukua karatasi zangu, na nilipofunua sufuria yake alinyamaza tu. Nilivyofundishwa nyumbani ni kwamba mtani anayekutukana mko sawa, anayekunyamazia umemkosea. Nikaamini kwamba nimeuchokonoa msiba wake mbele ya wateja, na kwamba ile sura, niliyokuwa nimeiona bora kuliko zote, ilikuwa mbaya kuliko zote.

Aliyeichapa riwaya kwenye kompyuta alikuwa Chausiku mwenyewe. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na kupata kibarua kwenye steshenari karibu na stendi, chumba chembamba chenye kompyuta moja, mashine ya kutolea kopi na feni iliyozungusha joto lile lile. Umeme ukikatika tulikaa kizingitini tukila karanga za kuchemsha, tukibishana juu ya njia ya kukitoa kitabu. Yeye alitaka simu. "Mtani, nani siku hizi ananunua kitabu? Weka kwenye kundi la hadithi, kila wiki sura moja. Watu wakinogewa utaona." Nikakubali kujaribu. Akaweka sura ya kwanza asubuhi. Haikuchukua muda, binamu yangu wa Sumbawanga akanitumia hadithi hiyo hiyo, jina langu limetolewa na limewekwa jina la mtu nisiyemjua, na chini yake binamu ameandika, "Deo, we si unajifanya mwandishi, jifunze kwa wenzako wanavyoandika." Nilimwonyesha Chausiku. Alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilicheka baadaye kidogo. Lakini ukweli ni kwamba siku ile nilipata jambo ambalo Mama Chausiku hakuwahi kunipa: mtu ambaye si mtani wangu, asiyejua kwamba ni mimi, alikuwa ameisifia kazi yangu. Niliihifadhi ile simu mpaka ilipokufa.

Njia ya simu tukaifunga, nikatuma mswada kwa mchapishaji wa Dar es Salaam. Nilizoea habari za watu kusubiri mpaka wakasahau, kwa hiyo nilishangaa kupigiwa simu kabla ya mavuno. Walikuwa na mtu wao, Bwana Hemedi, anayezunguka mikoani kupeleka vitabu vya shule, na angepitia Mpanda tuzungumze. Bwana Hemedi akawahi siku moja. Akashuka kwenye basi na njaa, akamwomba mwenye bodaboda ampeleke penye chakula kizuri, na mwenye bodaboda alikuwa Masanja, kwa hiyo akaletwa moja kwa moja kwa Mama Chausiku. Mimi nilikuwa nyuma ya banda nanawa pumba. Nikasikia sauti ya kistaarabu ikiuliza kama kuna anayemfahamu kijana mmoja hapa Makanyagio, Deo, anayeandika riwaya.

"Yule?" akasema Mama Chausiku. Ile wiki ya kunyamaza ilikuwa imepita na ulimi ulikuwa umemrudia, ingawa kitabu alikuwa hakigusi. "Namjua sana. Mvivu. Anaiba samaki. Mwenye mashine anamfuga kwa huruma."

"Na maandishi yake je?"

"Baba, we umetoka mbali, sitaki upate hasara. Maandishi yake hata panya wa mashineni wameyakataa."

Nilisimama na maji yakinichuruzika usoni, sijui niingie au nikimbie. Nilipoingia na kujitambulisha, yule bwana alinitazama kwa huruma ya kweli kabisa, mpaka Masanja alipomwambia, "Mzee, hao ni watani," naye akacheka akapiga meza. Alikuwa mtu mwema, nataka hilo lieleweke. Alikuwa ameusoma mswada wote, akayataja majina ya watu wangu bila kuangalia karatasi. Alisema wanautaka. Ungechapwa vizuri, ungesambazwa nchi nzima, na kwa vile lugha yake ni nyepesi wangejaribu kuuingiza kwenye maktaba za shule. Walitaka kitu kimoja tu. Sura ya msiba iondolewe.

"Utani naujua," alinieleza jioni, tukiwa tumekaa kwenye ukumbi wa nyumba ya wageni alikofikia. "Hata kwetu upo. Lakini fikiria, mdogo wangu. Pale msibani kila mtu anajua nani ni mtani wa nani. Kwenye kitabu msomaji hana mtani. Anaona mtu amevaa koti la maiti anamcheka mjane. Mwalimu akiona hivyo hakinunui. Na kitabu kinasimama hata bila hiyo sura, mimi nimejaribu kukisoma nikiiruka." Alichosema kilikuwa na akili, na nilikuwa na sababu yangu ya siri ya kukubaliana naye, maana nilikuwa nimeuona uso wa Mama Chausiku siku ile. Nikajiambia, kama hata aliyefiwa mwenyewe haikumpendeza, nailinda kwa faida ya nani? Bwana Hemedi akaniachia mkataba, akaendelea na safari yake ya Sumbawanga, akasema nimpe jibu atakaporudi.

Kesho yake nilikwenda bandani baada ya wateja wa mchana kuondoka. Nilimweleza Mama Chausiku habari yote, na nikamwambia, nikidhani namfurahisha, kwamba ile sura ya koti naiondoa. Alileta birika na beseni, akaninawisha mikono mwenyewe. Kisha akaleta sahani iliyofunikwa kawa, akaifunua mbele yangu: wali mweupe, mchicha, na mgebuka mzima, mkubwa kuliko wote. Nilishikwa na woga. Hivyo ndivyo anavyopokewa mgeni au mkwe. Mtani haninawishi mikono.

"Kula, Deo," akasema. Hakuwahi kuniita jina langu. "Leo sikutanii, kwa hiyo nisikilize. Siku baba yao alipofariki niliingizwa chumbani na wanawake. Nilikuwa silii. Nimekaa tu, naangalia ukuta. Nikawasikia wanasema, huyu mama atachanganyikiwa. Mara nasikia mlangoni, 'Mama Chausiku, chai yangu iko wapi?' Sauti yake kabisa. Na ule mguu wake, unaburuzika. Nikasema moyoni, huyu mwanaume hata kufa hawezi bila chai. Nikacheka. Sasa katikati ya kucheka ndio machozi yakaanza kutoka. Kama sio baba yako mdogo, mngenizika na mimi."

"Nilidhani nimekuudhi," nikasema. "Siku ile uliacha kusoma, ukaenda nyuma."

"Nilienda kulia. Ulitaka nilie juu ya wali wa watu?"

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Nikusifie? Nikianza kukusifia, nani atakutukana?" Alinyoosha nailoni ya meza pasipo na mkunjo. "Huyo bwana wa Dar ana haki yake, sisemi. Kitabu ni chako, fanya unavyoona. Lakini nyie mkikiondoa hicho kipande, usiniletee hicho kitabu. Mimi humo ndimo nilimo." Kisha akainuka, akaninyang'anya yule samaki sahanini, akamrudisha jikoni. "Maliza mchicha, we Mpimbwe. Samaki ni wa wanaolipa."

Nimepata maoni mengi juu ya vitabu vyangu tangu siku ile, mengine yamechapwa kwenye magazeti, na hakuna hata moja lililoniingia kama lile. Nilimaliza mchicha huku nachekacheka peke yangu. Nilikuwa nimekaa na hukumu yangu mkononi wiki zote zile, nikaisoma kichwa chini miguu juu. Bwana Hemedi aliporudi nilimpa mkataba wake bila sahihi. Hakukasirika. Alinishika bega akasema mlango uko wazi, na miaka kadhaa baadaye nilipompelekea kitabu cha pili alikuwa mwaminifu kwa neno lake. Mavuno yalipokuja niliuza mpunga wangu wote wa shamba la Mamba, nikapanda treni kwenda Tabora kwa fundi mmoja wa kupiga chapa niliyeelekezwa. Kazi yake hasa ilikuwa kadi za harusi na kalenda. Alikubali. Alichapa kwa usafi, sura zote zikiwemo, ila kwa jalada alitumia karatasi ngumu aliyokuwa nayo, nyeupe, yenye maua ya dhahabu pembezoni. Hakuwa na nyingine na mimi sikuwa na nguvu za kusubiri.

Kwa hiyo Mpunga wa Bondeni uliingia Mpanda kwa treni ukiwa umevaa kama mwaliko wa harusi. Masanja alinipokea stesheni, tukafunga maboksi kwenye pikipiki yake, na njia nzima watu waliona yale maua wakawa wananipongeza. "Hatimaye, Deo. Lini hiyo?" Mama Chausiku alishika nakala ya kwanza kwa vidole viwili, akaigeuza mbele na nyuma. "Na bibi harusi ni nani? Au umeoa karatasi?" Lakini alitundika vitabu ndani ya mfuko wa nailoni kwenye msumari juu ya meza, na kila mteja aliyemaliza kula aliambiwa, "Nunua hicho. Kina karatasi ngumu, kinafungia hata maandazi ya moto." Nadhani hakuna aliyekula pale mwaka ule akatoka bila kitabu. Vilinuka samaki na moshi. Mpaka leo nikikutana na mtu huko Mamba au Kakese ananiambia anacho nyumbani, huwa namuuliza kama bado kinanuka. Hakikufika maktaba za shule, na Dar es Salaam sidhani kama ziliuzwa nakala za kujaza kikapu. Sikuwahi kujuta. Kuna watu huona kitabu chao dirishani mwa duka kubwa ndipo moyo ukatulia. Wangu ulitulia pale kwenye msumari.

Nilivaa kile kiatu cha pili, nikachukua nakala yangu ya maua ya dhahabu, nikapanda bodaboda kwenda Kakese, ambako Mama Chausiku alihamia uzeeni kulima. Watu walikuwa wamejaa uani. Watani wenzangu walikuwa tayari kaburini wanachimba. Chausiku alikuwa amekaa kwenye mkeka katikati ya wanawake, macho makavu, anaangalia ukuta, na shangazi mmoja akaninong'oneza, "Hajalia tangu alfajiri." Nikaenda jikoni, nikaomba kanga mbili za marehemu na upawa wake. Nikajifunga moja kiunoni na nyingine kichwani, nikatokea uani kwa mwendo wake, nikimnyooshea upawa kila aliyekaa vibaya. "We Mpimbwe," nilijitukana kwa sauti yake, "umekuja kula tena? Hata nikifa hunipumzishi?" Wazee kwenye jamvi wakaanza kucheka. Nikavuta kigoda, nikapanda, nikafungua kitabu na kusoma kama mtangazaji wa redio, nikisimama kila mara kumtukana mwandishi, mvivu, mwizi wa samaki, aliyeoa karatasi. "Kitabu hiki," nikawaambia, "kinafaa kufungia maandazi." Ua lote likacheka. Chausiku peke yake aliendelea kuutazama ukuta.

Nikafungua sura ya koti. Nilikuwa nimepanga kuisoma kwa mbwembwe kuliko zote. Nikasoma mstari wa kwanza, sauti ikapungua. Nikasoma wa pili, taratibu, na wa tatu haukutoka. Masanja alikuwa amekaa karibu na mlango, mtu mzima sasa, ndevu zimeanza mvi, akaniuliza, "Sasa, nini kinaendelea?" Niliteremka kwenye kigoda, nikaweka kitabu mkekani, nikapita nyuma ya nyumba kwenye majiko. Nilisimama kwenye moshi. Nikainua kuni moja, nikaihamisha, nikairudisha. Mtani halii msibani, na mimi nilikuwa nalia, kwa hiyo nililia haraka haraka nikajifuta kwa ncha ya kanga yake. Kisha nikarudi uani, nikachungulia sufuria ya msiba, na kusema bila kumtazama yeyote, "Haya maharage chumvi haijakolea."

Watu wakacheka kidogo, kama wanavyocheka neno lolote la mtani. Chausiku aligeuka kutoka ukutani. Alinitazama, nikiwa nimefungwa kanga za mama yake, na nikaona amekumbuka. Akaanza kucheka, mabega yakitikisika, na katikati ya kucheka machozi yakaanza kumtoka, mengi, wanawake wakamsogelea wakamshika. Nilivua kanga, nikazikunja, nikaenda kuwasaidia wenzangu kuchimba.